Mzinga Uliovaa Koti

Baba yangu ana mizinga arobaini na kitu porini, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka nyumbani kwetu Tabora, na katika utoto wangu wote sikuwahi kuuona hata mmoja ukiwa na nyuki ndani. Kaka zangu walipelekwa walipofikisha miaka minane. Walirudi nyuso zimevimba, wakachinjiwa kuku, wakasifiwa na kila aliyepita uani. Mimi nilibaki nyumbani nikikamua masega kwenye ndoo, asali mpaka viwikoni, kwa sababu asali ikishafika uani haina tatizo na mwanamke. Wenye tatizo ni nyuki. Ndivyo tulivyoambiwa: mwanamke akikanyaga chini ya mzinga, nyuki wanahama wote, na msimu umeishia hapo.

Ushahidi ulikuwepo, na ushahidi wenyewe alikuwa mama yangu. Mwaka mmoja, kabla sijaanza shule, mama aliazima baiskeli akampelekea baba chakula kambini porini. Hakumkuta. Aliacha sufuria juu ya kichanja, akarudi zake. Wiki mbili baadaye baba alifika nyumbani amenyong'onyea, akasema nyuki wamehama, mizinga mitupu, na kwamba ameziona alama za kandambili za mkewe chini ya miti. Mwaka ule hatukupata asali hata ya kuonja. Mama hakujitetea. Hakulikanyaga tena pori lile, na kila msimu asali ilipopungua, shangazi zangu walimtazama yeye kwanza, mawingu baadaye.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Hadithi ile niliikasirikia nikiwa msichana, nikaikasirikia nikiwa chuo cha uuguzi, na nilipohamia Sydney na mume wangu nikaja nayo, ingawa kwenye fomu za uwanja wa ndege hawakuniuliza. Kilichonikera zaidi ni kwamba sikuwa na la kujibu. Nyuki walihama kweli. Nyayo zilikuwepo kweli.

Mwaka jana magoti ya baba yalianza kumsumbua, akashindwa kupanda miti. Kaka zangu, mmoja anauza simu Mwanza na mwingine anaendesha lori, wakasema mizinga iuzwe. Niliposikia nilikuwa kwenye maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Merrylands, nimebakiza dakika kumi kuingia zamu ya mchana. Nikampigia baba palepale. Huko kulikuwa ndiyo kwanza kumekucha.

"Shikamoo baba. Usiuze. Nipe mimi."

"Marahaba. Nikupe nini?"

"Mizinga."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilisikia mama kwa mbali akiuliza kama anahitaji maji.

"Mama," akasema baba, maana sisi kwetu baba humwita binti yake mama, "nyuki watakukimbia. Si mimi ninayesema, ni wao."

"Huku Australia wanawake wanafuga nyuki."

"Basi fuga. Fuga mzinga mmoja hukohuko kwa mwaka mmoja. Ukimaliza mwaka hujakimbiwa, mizinga yangu yote ni yako, na nitasema mbele ya kaka zako."

Nikasema haya. Niliingia kazini nimevimba kichwa, nikampimia bibi mmoja shinikizo la damu mara mbili bila kukumbuka kuandika.

Sasa, mtu anayetaka kufuga nyuki lazima awe na mahali, na mume wangu alishasema si kwenye uwanja wake. Ni mtu mwema, anafanya kazi za kompyuta kwenye benki mjini, lakini akimwona nzi sebuleni anataka kikao. Kwa hiyo nilikwenda kwa jirani.

Jirani yangu hapa Rooty Hill, kitongoji cha Sydney tunakoishi, ni bibi wa miaka themanini na moja, aliyezaliwa kaskazini mwa Ufini, kwenye theluji za kufika kiunoni, akaja Sydney akiwa binti mwenye sanduku moja. Mimi namwita Bibi. Nilipomweleza maana yake alisema amekipokea cheo. Tunakunywa chai jikoni kwake: mimi naleta mchaichai wa kwenye bustani yangu, yeye anatoa mkate wake mtamu wenye iliki. Siku ya kwanza nilimuuliza iliki ilifikaje kwenye theluji. Akaniuliza mimi majani ya chai yalifikaje Tabora, tukaelewana.

Siku ile nilimweleza Bibi habari za mizinga. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari lenye jalada jeusi. Baba yake, kumbe, alifuga nyuki kwenye nchi ile ya baridi. Alikuwa na mizinga sita, watoto wa kiume wanne na binti mmoja. Sina haja ya kueleza nani alipelekwa mizingani na nani alibaki akiosha mitungi. Mzee alipofariki, kaka zake Bibi hawakulitaka daftari, naye akalichukua. Amekaa nalo miaka yote hiyo akilisoma kama watu wasomavyo barua. Mzinga hajawahi kuugusa.

"Kila mwezi kaandika la kufanya," akasema, akifungua kurasa kwa ncha ya kidole. "Januari mpaka Desemba. Hakuwahi kupoteza kundi hata moja kwa baridi. Na asali alichukua ile iliyozidi tu. Ameandika hapa: kwanza wao, ndipo sisi."

Tulitazamana. Wanawake wawili, mmoja ana daftari, mwingine ana masikio yaliyozoea kusikiliza nyuma ya mlango, na uwanja wa nyuma wa Bibi una jua siku nzima. Tulipeana mikono juu ya makombo ya mkate.

Mzinga niliununua kwa mzee mmoja wa Merrylands aliyekuwa anahamia ghorofani, mwishoni mwa Agosti, ukiwa na nyuki wake ndani na sanduku tupu la ziada juu yake. Nikausajili serikalini kama sheria inavyotaka. Mume wangu alikubali kuendesha gari siku ya kuuleta, madirisha wazi, kichwani amevaa helmeti ya pikipiki. Pikipiki hana. Helmeti aliiazima.

Yule mzee alinipa wosia mmoja tu, mkono wake juu ya mlango wa gari. "Spring ikianza joto, usichelewe, weka hilo sanduku la juu. Give them room."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina daftari.

Septemba ilipita kama fungate. Kila nikitoka kazini nilipitia kwa Bibi, tunavuta viti viwili, tunatazama nyuki wakiingia na miguu iliyobeba chavua ya njano. Tulijifunza kuwapima kupe wadogo wanaowasumbua nyuki wa huku siku hizi, kazi inayofanywa kwa kuwatikisa nyuki kwenye chupa yenye sukari ya unga, ukiwatoa wamekuwa weupe kama maandazi ya sikukuu na hasira zao zote. Nilichomwa mara saba. Niliupiga picha uso wangu uliovimba, nikamtumia baba. Hakujibu, lakini mama alinieleza kwamba aliwaonyesha wazee wenzake.

Kisha ikaingia Oktoba, na Bibi akafungua ukurasa wake.

"Oktoba," akasoma, akitafsiri polepole. "Uvishe mzinga. Mlango ubane mpaka upana wa kidole. Usiufungue tena mpaka theluji ianze kuyeyuka."

"Theluji gani, Bibi?"

"Hilo tutalitazama likifika."

Msinicheke upesi. Najua mnachotaka kusema. Bibi ameishi Sydney miaka sitini, ameila Krismasi akiwa amevaa kandambili na kofia ya jua, anajua vizuri kwamba Oktoba ya huku ndiyo kwanza joto linapanda. Mimi nina miaka mitano hapa na nimeshanunua feni tatu. Tungekuwa tunazungumzia nguo au viazi, tusingekosea. Lakini lile lilikuwa neno la baba juu ya nyuki. Bibi hajawahi kulipinga la baba yake, mimi sijawahi kulipinga la kwangu, na hapa kwa mara ya kwanza maishani baba mmoja alikuwa ananieleza mimi, mwanamke, mambo ya mizinga, mwezi kwa mwezi, bila kunifukuza. Ningeanzaje kumbishia? Na wiki ile, kwa bahati mbaya, ilinyesha siku tatu mfululizo, upepo wa kukata, nikaenda kazini na sweta. Tukaona mzee kasema kweli.

Basi tukauvisha. Kwanza blanketi la sufu la duka la mitumba. Juu yake karatasi za rangi ya fedha za kuzuia joto lisitoke, mbili. Juu ya hapo Bibi alileta koti la marehemu mumewe, koti zito la kijivu lenye vifungo vya pembe, ambalo yeye mwenyewe alikiri halijavaliwa tangu lishuke melini. Tulilifunga vifungo vyote. Mkanda tukaukaza kiunoni, kama mzinga una kiuno. Mlangoni nikagongea kipande cha ubao, nikaacha upenyo wa kupitisha kidole kimoja, kidole changu, si cha mume wangu. Lile sanduku la ziada nikalipeleka kwenye banda langu, likakaa na rangi za kuta na baiskeli mbovu.

Binti yangu wa miaka kumi alikuja kuita chakula, akasimama.

"Mum, why is the box wearing a jacket?"

"Kuna baridi."

Akatazama simu yake. "It's twenty-six degrees," akasema, akaondoka.

Siku zilizofuata nyuki walianza kutoka na kuning'inia mbele ya mlango, mamia kwa mamia, wametanda kwenye koti mpaka chini ya kola, kama ndevu. Wengine walijipanga mlangoni wakipepea mabawa bila kupumzika. Sisi tuliketi kwenye viti vyetu na chai zetu, tukiwahurumia.

"Wanatetemeka kwa baridi," nikasema.

"Maskini," akasema Bibi. "Wanagombania kuingia kwenye joto."

Akaenda ndani akaleta skafu.

Kwa wiki mbili nilikuwa na zamu za Jumapili, kwa hiyo baba nilimpigia sauti tu, si video. Kila mara aliuliza swali moja. "Wapo?" Nami nilijibu, "Wapo, baba, tena wengi mpaka nje." Hapo alikuwa akiguna, nami nikadhani ananionea wivu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, nilikuwa naanika nguo uani kwangu. Nilikuwa nimetundika suruali ya suti ya mume wangu, ile ya kijivu cha mkaa, ambayo kesho yake angeivaa kusoma somo kanisani. Nikasikia mvumo. Kwanza nilidhani ni mashine ya kukatia majani ya mtaa wa pili. Kisha Bibi akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Walikuwa wanamwagika. Kwenye mlango wa kidole, chini ya pindo la koti, katikati ya vifungo, mpaka kwenye mikono ya koti, nyuki walikuwa wanatoka kwa maelfu na kupanda hewani, wanazunguka uwanja mzima hata jua likafifia. Wakavuka uzio. Wakapita juu ya kichwa changu nikiwa na vibanio mdomoni. Na wakatua kwenye suruali ya mume wangu, mguu wa kushoto, mpaka mguu ukajaa na kuonekana kama kuna mtu ndani.

"Suruali yangu!" mume wangu akapiga kelele kutoka jikoni. Alikuwa ameshafunga dirisha, mlango wa nyuma na, kama nilivyogundua baadaye, mlango wa mbele pia.

Niliketi kwenye ngazi nikalia. Sikuwalilia nyuki, wala suruali. Nililia kwa sababu baba alikuwa amepata alichokitaka, na mama alikuwa amehukumiwa mara ya pili, safari hii na mimi bintiye. Niliwaona kichwani shangazi zangu wakimtazama tena. Nililia na kamasi, na vibanio bado nimevishika.

Bibi aliufungua mlango wa uzio, akaja akaketi kando yangu. Hakunibembeleza. Baada ya muda aliuliza, "Baba yako alifanyaje wakihama?"

"Sijui. Sikuruhusiwa kuona."

"Sikukuuliza uliona nini. Alinukaje akirudi?"

Mara nikakumbuka. Baba alinuka moshi na jasho. Lakini kila alipokwenda kutundika mizinga mipya, alifunga tita la mchaichai nyuma ya baiskeli, na aliporudi viganja vyake vilinukia mchaichai. Miaka yote ile nilidhani ni wa chai ya kambini. Baba yangu hajawahi kunywa chai isiyo na maziwa, na porini hakuna maziwa. Ule ulikuwa chambo cha nyuki.

Niliruka. Nilikata mchaichai kwa kisu cha mkate, nikalitoa lile sanduku la ziada bandani, nikalisugua ndani kwa majani mpaka mikono ikawasha, nikatupia na kipande cha sega kuukuu. Bibi alikuja na kifaa cha moshi, kichwani amejifunika pazia la dirishani kwake, lile la lesi. Tuliliweka sanduku chini ya suruali. Nikavuta pumzi. Nikakitoa kibanio cha kwanza, taratibu. Nikakitoa cha pili, nikaishusha suruali ndani ya sanduku, na nyuki wake wote, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Baadhi waliruka. Wengi walibaki. Halafu wale walioruka wakaanza kurudi, wanatua mdomoni mwa sanduku, wanaingia kwa mguu, kwa foleni, bila kusukumana.

"Wanaingia," akasema Bibi ndani ya pazia.

"Wanaingia," nikasema.

"Na suruali je?" likauliza dirisha.

Tukalifunika sanduku, suruali ikiwa humo humo, mguu wa kulia umebaki nje kwa sababu sikuthubutu kufungua tena. Tukalibeba mpaka uwanjani kwa Bibi, tukaliweka karibu na uzio. Kisha tukaurudia mzinga wa kwanza. Nilifungua vifungo vya koti kimoja kimoja, nikitegemea kukuta kaburi. Nikainua kifuniko. Joto lilinipiga usoni kama la chungu kilichofunuliwa. Nyuki walikuwemo. Wengi, wamebanana kwenye masega yaliyojaa mpaka pembeni, hakuna hata pa kuweka ukucha. Nilisimama nimeduwaa na kifuniko mkononi, maana sikujua kwamba mzinga unaweza kuhamwa na bado ukajaa.

Bibi alikwenda kuleta daftari. Safari hii hakufungua Oktoba. Alipekua mpaka akafika Juni, akasoma akiwa amesimama, na midomo ikaanza kumcheza.

"Juni. Kukiwa na joto na mzinga umejaa, nusu yao watatoka na malkia wa zamani. Nusu watabaki kumlea mpya. Wape nafasi mapema. Kundi likitoka, liwekee nyumba."

Tulihesabu kwa vidole, Oktoba, Novemba, Desemba, mpaka tukarudi palepale. Tulikuwa tumeusoma mwaka kichwa chini miguu juu. Tuliwavalisha koti mwanzoni mwa joto, tukawabania mlango, tukawanyima chumba, kisha tukawahurumia kwa baridi. Bibi alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka ikabidi ashike uzio. Nami nikamfuata, bado na machozi yangu ya mwanzo.

"Baba hakukosea," akasema Bibi alipopata pumzi, bado anamtetea. "Hakuwahi kufika Sydney, basi." Halafu akachukua penseli, na kwa mara ya kwanza tangu aliposhika daftari lile, akaandika ndani yake.

Jumapili mume wangu alisoma somo kanisani akiwa na suruali ya khaki na koti la suti. Watu walidhani ni mtindo.

Jioni ile ilikuwa zamu ya video, na baba alikuwa ameshaniambia anataka kuuona mzinga. Nilipanga uongo wangu vizuri. Ningemwonyesha mzinga wa kwanza tu. Nyuki wamo, wanaingia na kutoka, na koti tumeshalivua. Bibi alinihakikishia kwamba huko si kudanganya, ni kuchagua pa kutazama. Saa kumi na moja nikapiga; kwao ilikuwa saa tatu asubuhi. Baba alitokea na kofia yake ya misa, nyuma yake ukuta wa jiko, na nikasikia mchele unavyopepetwa kwenye ungo, sha, sha, sha. Kaka zangu wote wawili walikuwa wameunganishwa pia.

"Wapo?" akauliza baba.

"Hao hapo."

Alisogeza uso mpaka nikaona pua tu. Akatazama kwa muda mrefu. "Wazuri," akasema. "Wana nguvu." Nikaanza kuvuta pumzi. "Na lile sanduku lenye mguu?"

Nyuma yangu, karibu na uzio, mguu wa suruali ulikuwa unapeperuka.

Ningeweza kukata simu nikasingizia mtandao. Kaka wa Mwanza alishaanza kucheka. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu niliyetaka kumdanganya ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye angeelewa kilichotokea. Nikasema yote. Koti, mkanda, skafu, ubao wa mlangoni, sanduku lililokaa bandani, suruali. Nikasema, "Wamenikimbia, baba. Nusu yao. Nimewarudisha, lakini walinikimbia." Nikasubiri acheke.

Hakucheka.

"Ulibana mlango?"

"Ndiyo."

"Na sanduku la juu hukuongeza?"

"Sikuongeza."

"Walitanda nje kwanza?"

"Wiki mbili."

"Hao hawakukukimbia, mama," akasema polepole, kwa sauti ya fundi anayeongea na fundi. "Walikosa pa kukaa. Mzinga ukijaa usipowahi kurina asali na kuwatundikia mwingine, wanatoka. Wanatoka kundi baada ya kundi, kisha waliobaki wanaishiwa nguvu. Hata mimi mwaka ule nilipochele..."

Akajikohoza.

"Mwaka upi, baba?"

"Mtandao," akasema baba.

"Nakuona vizuri, baba. Mwaka upi?"

Alivua kofia, akaivaa tena. Kaka zangu walikuwa wameacha kucheka. "Kulikuwa na harusi," akasema. "Kijiji cha pili. Nilisema nitakaa siku moja. Ikanoga. Nilikaa wiki tatu. Niliporudi porini walikuwa wameshaondoka. Nikaona zile kandambili, nikasema basi."

Sha, sha, sha ya ungo ilikuwa imekoma. Sikujua imekoma saa ngapi.

"Hivi," ikaja sauti ya mama, ya chini, ya upole wa kutisha, "ile sufuria niliyokuletea siku ile, kuku na wali, nani aliila?"

Baba alitazama juu, kama jibu liko kwenye mabati. "Labda nyegere," akasema.

Simu ikayumba. Nikaona dari, nikaona mkono, nikaona punje za mchele, kisha nikaona paji la uso la mama, kubwa, karibu sana, na jicho moja. "Mwanangu," akasema, "nitakupigia." Kioo kikawa cheusi.

Hakupiga Jumapili. Hakupiga Jumatatu wala Jumanne. Kaka wa lori aliniandikia kwamba baba anakula ugali na chumvi na hajalalamika. Jumatano, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko kazini nikisubiri chakula kizunguke kwenye maikrowevu, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa mama. Niliweka simu sikioni.

Mwanzo nilisikia upepo tu na mama akihema kama mtu aliyetembea.

"Nimekuja porini na bodaboda," akasema. "Baba yako nimemwacha kule nyuma na yule dereva. Nimemwambia asisogee, asije akawakimbiza. Mizinga kaka zako wameshaambiwa, ni yako, na mimi ndiye mtunzaji mpaka uje. Huu ni mzinga wa nne. Nimesimama chini yake kabisa, na kandambili zangu."

Kisha nadhani aliinua simu juu, kwa sababu mvumo ulikuja mzito, wa karibu, ukaendelea na kuendelea. Maikrowevu ililia ikamaliza. Niliiacha. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya watu, nalia, na mwenzangu wa zamu ananiuliza kama kuna msiba.

"Unasikia?" akasema mama. "Wapo wote."